Maji Yalikuwa Mlimani: Edinburgh 1824 na Kuzaliwa kwa Kikosi cha Zimamoto

Mwenyekiti, maafande mliopo, wakufunzi, na ninyi vijana wa kozi: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe. Itifaki naomba ihesabike imezingatiwa, maana muda niliopewa ni mfupi na jambo lenyewe ni refu.

Nimeombwa nizungumzie historia ya mwanzo ya kikosi cha zimamoto cha mji, pamoja na vifaa vyake. Waliowahi kunisikia wanajua ninakokwenda. Nakwenda Edinburgh, Uskoti, Novemba mwaka 1824. Kila mwaka yuko kijana ananyoosha mkono: mzee, mbona usianzie London, kwenye ule moto wa 1666? Mbona usianzie Amsterdam, kwa Jan van der Heyden aliyeleta mpira wa ngozi wa kupitishia maji miaka ya 1670? Au kwa Richard Newsham, ambaye pampu zake za mkono zilivuka bahari mpaka New York mwaka 1731? Wote hao nawaheshimu. Lakini hiyo ni historia ya vyombo, na chombo hakijawahi kuwa kikosi. Pampu ya Newsham ikifungiwa kwenye kibanda cha kanisa, na ufunguo yuko nao mzee ambaye usiku huo hajulikani alipolala, hiyo ni mbao na shaba tu.

Kabla ya hapo, huko Uingereza na Uskoti, kuzima moto ilikuwa kazi ya kampuni za bima. Kila kampuni na watu wake, kila kampuni na kibao chake cha chuma ukutani kwa mteja. Mwaka 1824 Edinburgh ikafanya jambo jipya. Mji na kampuni za bima walichangia kuunda kikosi kimoja cha mji mzima, chini ya mkuu mmoja. Mkuu waliyemchagua aliitwa James Braidwood. Alizaliwa mwaka 1800, kwa hiyo alikuwa na miaka 24. Baba yake alikuwa mjenzi, na yeye mwenyewe alisomea upimaji wa majengo. Liwekeni hilo kichwani, kwamba mkuu wa kwanza wa zimamoto alikuwa mtu anayejua jengo linavyosimama, na kwa hiyo anajua linavyoanguka.

Alikabidhiwa kazi wiki chache tu kabla ya Novemba. Watu wake walikuwa wapya. Hawajazoeana, mitaa hawajaikariri kwa jicho la zimamoto, na kila mmoja ana kazi yake ya mchana. Wakati huo ndio moto ulikuja.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo pote.

Jumatatu, tarehe 15 Novemba, saa nne usiku. Kwenye karakana ya mchonga nakshi za kuchapia, ghorofani, katika kichochoro kinachoitwa Old Assembly Close, chungu cha mafuta ya kitani kinapata moto kupita kiasi. Mafuta ya kitani yanashika. Hebu jengeni picha ya mahali. Edinburgh ya zamani imekaa juu ya mgongo wa mlima. Barabara kuu moja, High Street, inashuka juu ya mgongo huo, na pande zote mbili vinatoka vichochoro kama miiba ya samaki. Ndani ya vichochoro kuna majumba ya ghorofa sita, saba, na upande wa nyuma wa Parliament Square, ambako ardhi inashuka, kulikuwa na ghorofa kumi na moja. Jiwe kwa nje, mbao kwa ndani, ngazi moja ya mzunguko kwa familia kumi na tano. Wenzetu mliotoka Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu mnanielewa bila maelezo. Gari letu la leo kwenye kichochoro kile lisingeingiza hata pua.

Pampu zilifika. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu watu wanapenda kusema "zimamoto walichelewa". Pampu zilifika. Kilichochelewa ni maji. Na tangi kuu la maji ya mji lilikuwa wapi? Castlehill. Juu kabisa ya barabara hiyohiyo, mwendo wa dakika chache kwa miguu, mlimani, juu ya moto! Maji yako juu, moto uko chini, pampu ziko katikati, na watu wamesimama na mipira mikavu mikononi huku ghorofa ya tatu inashika, ya nne inashika, mpaka paa. Yalipokuja kupatikana maji, moto ulikuwa umekwisha kuruka kwenye majumba ya jirani kuelekea High Street.

Mimi nina sababu ya kulikumbuka hilo kila nikilala. Nilipokuwa kijana kama ninyi, mwaka wangu wa pili kazini, tuliitwa soko linawaka, katika mji ambao sitautaja. Tulikuwa na gari jipya, limeng'arishwa mpaka unajiona usoni. Tulifika upesi, nathubutu kusema upesi sana. Maji ya kwenye gari mnajua wenyewe yanadumu dakika ngapi ukifungua mipira miwili. Yakaisha. Tukaenda kutafuta haidranti, yaani tundu la barabarani la kuchotea maji ya bomba la mji. Ramani ilionyesha ipo pembeni mwa soko, na kweli ilikuwepo. Kifuniko chake kilikuwa chini ya jiko la muuza chipsi. Yule mama alikuwa amekimbia, jiko limebaki na mkaa wake mwekundu na karai la mafuta juu. Tulisogeza jiko kwa viatu. Tukafikia kifuniko, kimejaa saruji ya mtu aliyetengeneza sakafu ya kibanda chake. Nilipiga kile kifuniko kwa shoka mpaka mpini ukanipasua kiganja. Alama hii hapa, walioko mbele wanaiona. Nyuma yangu mabanda yalikuwa yanakwenda moja baada ya jingine, na watu wanatuzomea: "Mmekuja na gari tupu!" Gari halikuwa tupu, lakini ningemweleza nani?

Kwa hiyo mtu akinionyesha picha ya gari jipya, swali langu la kwanza ni haidranti iliyo karibu iko wapi, na ni lini mara ya mwisho mtu kuifungua. Nimeliuliza kwenye vikao vingi. Naliuliza na leo.

Turudi Edinburgh. Usiku kucha High Street inaungua. Asubuhi ya Jumanne watu wakadhani yamekwisha, wakaanza kupumua. Kabla ya adhuhuri mtu akatazama juu akaona mnara wa kanisa la Tron unafuka. Mnara wa mbao, umevikwa madini ya risasi. Cheche za usiku zilikuwa zimelala huko juu. Watu wa Braidwood walipanda, na wakalazimika kushuka, kwa sababu risasi ilikuwa inayeyuka na kudondoka. Mnajua risasi iliyoyeyuka ikimwangukia mtu shingoni inafanya nini. Kengele ya kanisa ikaanguka na mnara ukaenda, mchana kweupe, mji mzima unatazama.

Na bado. Usiku huohuo wa Jumanne, tena saa nne, moto mwingine ukalipuka upande wa Parliament Square, kwenye jengo refu, ghorofa ya juu. Mpaka alfajiri safu ile ilikuwa magofu. Mvua ndiyo iliyokuja kusaidia. Walikufa watu 13, wawili kati yao watu wa zimamoto. Familia 400 hivi zilibaki hazina pa kulala, na huo ni mwezi Novemba, katika baridi ya Uskoti.

Baada ya hapo ikawa lawama. Magazeti na watu mitaani: kikosi kipya hiki cha nini? Pesa za mji zimekwenda wapi? Na mngedhani mji ungesema kikosi kimeshindwa, kivunjwe. Kuna wanaojua historia hii nusunusu husema walinunua pampu kubwa zaidi, tatizo likaisha. Sivyo! Kilichoonekana walipokaa kuchunguza ni jambo lingine, na ndilo lililonifanya nije hapa.

Usiku ule kila mkubwa alitoa amri. Mkuu wa mji alikuwepo, anaamuru. Mahakimu walikuwepo, wanaamuru. Masherifu, maofisa wa bima, kila mwenye kofia ndefu. Huyu anasema pampu iende huku, yule anasema iokoe nyumba ya fulani kwanza. Braidwood kijana wa miaka 24, amri yake inasikika pale alipo tu, na hata pale alipo akitokea hakimu inabatilishwa. Pampu ya mkono si ya kusukumwa huku na huku. Ukishaiweka, ukatandika mpira wa ngozi, ukapanga watu ishirini na zaidi kwenye mipini yake, kuihamisha ni kuanza upya. Kila amri mpya iligharimu dakika kadhaa za maji.

Uamuzi uliotoka ni kwamba mbele ya moto anayeamuru ni mmoja, mkuu wa zimamoto, na hakuna mwingine wa kuziingilia amri zake. Mkuu wa mji aje, asimame, atazame. Hakimu aje na polisi wake wazuie watu, basi.

Najua kuna anayesema kimoyomoyo: mzee, hilo sisi tunalo tayari, lipo kwenye sheria, lipo kwenye mwongozo. Kwenye karatasi, ndiyo. Mwenye duka analia, kiongozi wa mtaa ameshika simu anasema "nimeongea na mkubwa, hamishieni gari upande ule". Je, kijana wetu mwenye nyota moja begani atasema "hapana, mheshimiwa, rudi nyuma ya kamba"? Ndiyo maana nasema amri moja haitoki kwenye karatasi. Inatoka kwenye mazoezi, mpaka mdomo ulizoee neno hilo na mguu ujue pa kusimama.

Braidwood alikuwa na mazoezi. Hapa naomba mnivumilie, ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote. Kila wiki aliwatoa watu wake usingizini saa kumi alfajiri. Saa kumi! Watu wenye kazi zao, maana aliwachagua kwa ufundi: waashi, maseremala, mafundi bomba, wahunzi, waezekaji wa paa za mawe. Mwezekaji anatembea juu ya paa lenye mteremko kama sisi tunavyotembea sakafuni. Mwashi akiugonga ukuta anajua kama bado unabeba. Fundi bomba anajua maji yanapita wapi chini ya barabara. Aliwakusanya hao, akawatoa gizani, mitaa mitupu, wafungue plagi za maji, ndizo haidranti za wakati ule, watandike mipira, wapande, washuke kwa kamba.

Kwa nini saa kumi? Mimi naisoma hivi. Moto wa usiku unakukuta umelala. Mtu aliyefanya mazoezi saa tatu asubuhi, amekunywa chai, jua limetoka, hajui mikono yake inafanyaje kazi ikiwa bado na usingizi. Tena mchana watu wake walikuwa na mkate wa kutafuta. Na tatu, kufungua plagi ya maji gizani kwa kupapasa ni elimu usiyoipata mchana. Kikosi kilichowahi kufungua kila plagi ya High Street gizani hakiwezi kusimama na mipira mikavu chini ya Castlehill.

Sasa vifaa, kama nilivyoagizwa. Nimekuja na vipande viwili, naomba vipitishwe nyuma, kila mtu avishike. Vyote ni ngozi ya ng'ombe, nusu mita. Nilimwomba fundi viatu wa mtaani kwangu anitengenezee. Hiki cha kwanza kimeshonwa kwa uzi uliotiwa nta, jinsi mipira ya mwanzo ilivyokuwa. Hiki cha pili mshono wake umelaliana kisha ukapigwa riveti za shaba, moja baada ya nyingine, kama mnavyoziona. Shikeni muone uzito. Vilikuwa vigumu zaidi siku ya kwanza, imenibidi nivipake mafuta ya ng'ombe siku kadhaa ndipo vikakubali kupinda. Nilivifunga kwenye bomba la nyumbani. Cha uzi kilitoa maji mshono mzima, kama paji la uso la mtu anayetoka jasho, halafu kikaanza kurusha vijito pembeni. Cha riveti kililoa kidogo kwenye maungio, kikatulia. Hiyo ni presha ya bomba la nyumbani! Fikirieni watu ishirini wanaisukuma mipini ya pampu kwa nguvu zao zote. Riveti zilianza Philadelphia mwanzoni mwa karne ya 19, na ndizo zilizomwezesha mtu kuupeleka mpira ndani ya nyumba na kupanda nao ngazi akiamini hautapasuka nyuma yake. Fundi aliniuliza, mzee, mfereji huu wa nini? Nilimweleza. Akanyamaza, kisha akaniambia, basi mpira wa hivi lazima upakwe mafuta kila wiki, usipopakwa utakauka upasuke. Fundi viatu huyo, vijana, kwa dakika moja alielewa jambo ambalo baadhi ya bohari zetu hazijalielewa mpaka leo.

Kofia: ya ngozi ngumu, na nyuma ilikuwa na kipande cha ngozi kinachoning'inia kufunika shingo. Sababu aliieleza Braidwood mwenyewe, kuzuia maji, makaa na risasi iliyoyeyuka visiingie ndani ya kola. Nimewatajia mnara wa Tron, sina haja ya kuongeza. Filimbi: aliwaamuru watu wake kwa filimbi ya mabaharia, kila mlio na maana yake, kwa kuwa sauti ya mtu haisikiki kwenye moto. Ngazi ya mnyororo na kamba za kuwashushia watu dirishani. Na kanuni ambazo ni vifaa pia kwa maoni yangu: hakuna kuingia peke yako, mnaingia wawili. Moshi ukizidi, lala chini, hewa iko sakafuni. Ingia ndani ukaribie kiini cha moto. Usisimame barabarani unamwagia ukuta na dirisha, kila tone lifike kwenye kinachowaka.

Hiyo ya mwisho ndiyo fikra yake kubwa kuliko zote, na inafafanua jambo ambalo wengine wanamlaumu nalo. Pampu za mvuke zilipoanza kutengenezwa, Braidwood hakuzikimbilia. Aliona mtu akipewa nguvu ya kurusha maji mbali, atasimama mbali. Nakubali kwamba hapo aliikawiza London, alikohamia baadaye, na mvuke ulikuwa na faida yake, maana pampu ya mkono inawachosha watu kwa dakika chache tu na zamu haziishi. Lakini hofu yake haikuwa ya kijinga. Nimeona kwa macho yangu gari lenye nguvu likimwaga maji juu ya paa la mabati kwa nusu saa, na moto uko chini ya paa unakula mbao taratibu.

Kuna anayeniuliza: kwa hiyo unapinga magari mapya? Sipingi! Nunueni. Nunueni na mengine. Ninachokikataa ni gari kuzinduliwa kwa ngoma na utepe, halafu bajeti ya mwaka haina shilingi ya kufukua vifuniko vya haidranti, wala mafuta ya kutoka nalo kwa mazoezi.

Na kuna swali jingine nililoulizwa mara ya mwisho na dada mmoja, nilimwahidi nitalijibu hadharani. Aliuliza: Edinburgh inatuhusu nini sisi? Dada, angalia kikosi kilivyofika huku kwetu. Enzi za mkoloni, Nairobi na Kampala, neno "wazimamoto" kwa watu wengi halikumaanisha watu wa kuzima moto. Lilimaanisha watu wanaokamata watu usiku na kuwanyonya damu. Kule Uganda waliwaita bazimamoto, huku Pwani tulisema mumiani. Bibi yangu alikuwa akiona gari jekundu anatuvuta ndani na kufunga mlango. Sicheki, na ninyi msicheke. Wale wazee hawakuwa wajinga. Waliona gari la serikali, jekundu, lenye mipira na ndoo, watu wa sare, wanaotoka usiku, na ambao hawakuwa wameonekana wakizima moto kwenye nyumba za makuti za Waafrika. Kifaa kimekuja bila kikosi cha watu wa mtaa. Edinburgh mtu alimwona mwashi anayemjengea ukuta ndiye anayepanda ngazi. Hilo ndilo linalotuhusu, dada yangu. Mkirudi vituoni, raia wa mtaa wawafahamu kwa majina kabla moto haujawaka, na wawaonyeshe wenyewe kifuniko kilipo. Yule mama wa chipsi, laiti angejua ameweka jiko juu ya nini, angelisogeza mwenyewe.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. London basi, haraka.

Tarehe 1 Januari 1833 kampuni za bima za London ziliunganisha vikosi vyao vikawa kimoja, wakamwita Braidwood kutoka Edinburgh. Watu 80 kwa jiji kubwa kuliko yote duniani wakati ule. Humo ndimo utawakuta wale wasukuma pampu waliookotwa barabarani: shilingi moja saa ya kwanza, nusu yake kila saa inayofuata, na bia, na wakipungukiwa bia wanaacha mipini. Mwaka uliofuata, tarehe 16 Oktoba 1834, Bunge la Uingereza likaungua, kisa walichoma vijiti vya mahesabu ya zamani kwenye matanuri ya chini ya ukumbi wa Baraza la Mabwana. Bunge halikuwa na bima, wala kikosi kile hakikuwa na wajibu wa kwenda. Kilikwenda. Pampu ya kwenye boti ilichelewa kwa sababu maji ya mto Thames yalikuwa yamekupwa. Maji tena! Walichoweza kuokoa ni Westminster Hall, kwa kuingiza pampu ndani ya ukumbi wenyewe na kurusha maji juu kwenye mbao za dari. Mnaona, ndani, karibu.

Nilitaka kuzungumzia pampu za boti zaidi, na farasi, na nguzo za kengele. Hatutafika. Nimalizie Tooley Street.

Tarehe 22 Juni 1861, kando ya Thames, maghala. Pamba, katani, juti, shahamu ya kutengenezea mishumaa, viungo. Baadhi ya maghala yalikuwa na milango ya chuma ya kuzuia moto usipite, na milango hiyo ilikuwa imeachwa wazi. Mto umekupwa, boti za pampu hazipati maji ya kutosha. Historia nzima ya Edinburgh imejirudia. Braidwood wakati huo ana miaka 60. Hakukaa kwenye farasi nyuma. Alikuwa mbele, anawapitia watu wake mmoja mmoja na kuwapa kinywaji cha kuwatia nguvu, ukuta ukamwangukia. Mpimaji wa majengo. Mwili wake ulipatikana siku kadhaa baadaye, moto wenyewe ukiendelea kuwaka, na uliendelea kwa takriban wiki mbili. Hasara ilikuwa kubwa mno hata kampuni za bima zikaiambia serikali: chukueni kazi hii, sisi hatuiwezi tena. Sheria ikapita mwaka 1865, na tangu 1866 London ikawa na kikosi cha umma chini ya Kapteni Eyre Massey Shaw. Yaani jambo ambalo Edinburgh ilikwisha kuliona mwaka 1824, London ililifikia miaka arobaini baadaye. Shaw anastahili mhadhara wake, nao si wa leo.

Sanamu ya Braidwood iko Parliament Square, Edinburgh, iliwekwa mwaka 2008, mahali palepale ule moto wa pili ulipolipuka. Anayepata safari aende.

Mkufunzi mkuu wenu amenikubalia ombi moja, namshukuru. Kesho, saa kumi alfajiri, siyo saa kumi na moja, kikosi A na B mtakutana na mimi getini. Hakuna taa za gari, hakuna tochi. Kati ya hapa na soko dogo kuna haidranti nne kwenye ramani. Mimi nimezitembelea jana, na nimeona tatu. Kila kikosi kije na ufunguo wa haidranti, mpira mmoja, sululu moja, na kiongozi mmoja ambaye amri yake ndiyo pekee itakayosikilizwa. Hata mimi nikisema neno, msinisikilize. Maswali nitayajibu huko, tukiwa tunachimba.